Askari na Muziki wa Kiselti

Wako wenzetu wanaousikia muziki wa roki na panki wa Kiselti wakadhani ni makelele ya walevi. Sisi hatukubaliani nao. Muziki huu umeoanisha fidla, filimbi na zumari za Ireland na Scotland na gitaa la umeme, na ndani yake mna habari zinazomhusu kila askari.

Anayetaka kuanza, asianze na nyimbo za kasi. Aanze na "And the Band Played Waltzing Matilda", uliotungwa na Eric Bogle mwaka 1971 na kurekodiwa na The Pogues wa London mwaka 1985. Wasimulia habari za askari wa Australia aliyepoteza miguu Gallipoli mwaka 1915, akarudi kwao asishangiliwe. Kisha asikilize "The Green Fields of France", wa Bogle huyo huyo, kama ulivyoimbwa na Dropkick Murphys wa Marekani mwaka 2005. Huo wahusu kaburi la kijana wa miaka 19. Baada ya hapo, za kasi atazielewa.

Ndugu askari na polisi, sote twajua kuimba tuendapo. Hatuna budi tujue pia kumwimbia arudiye na majeraha.