Ukifika Glasgow, Anzia Mtoni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma hili nakuletea nasaha za mwenyeji wangu wa Glasgow, Uskoti, mzee aliyestaafu kazi ya kuunda meli.

Nilidhani atanielekeza madukani. La! Alinipeleka ukingoni mwa mto Clyde, akanionyesha winchi kuu la Finnieston, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sasa halinyanyui kitu; limebaki kuwa kumbukumbu. Kisha tukaenda Scotstoun. Hapo nami nikapata la kumweleza: meli ya Mv Victoria iliundwa hapo hapo na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ndiyo iliyotuvusha baina ya Mwanza na Bukoba. Mzee alinyamaza kitambo, akanishika mkono.

Kesho yake alinishauri nipande treni hadi Blantyre, nje kidogo ya mji. Humo kuna chumba kimoja alimozaliwa David Livingstone mwaka 1813, wakaishi humo jamaa nzima. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kiwanda cha pamba, akafanya kazi tangu alfajiri saa 12 hadi saa 2 usiku.

Jioni nilimalizia jumba la makumbusho la Kelvingrove, lisilo na kiingilio.

Mwenyeji yule alinionyesha mji kwa jasho la watu wake. Je, sisi mgeni wetu tutamwanzishia wapi: hotelini, au bandarini?