Jumapili Hii Tuanze na Daraja la Pakwach, Jua Baadaye

Jumapili hii, Novemba 3, 2013, mnamo saa 11 na dakika 22 jioni, jua litapatwa lote juu ya mji wa Pakwach, na giza litadumu kwa takriban sekunde 20. Wizara ya Utalii ya Uganda, chini ya Waziri Maria Mutagamba, imewaalika wageni wa ndani na wa nje waje kulitazama, na Shule ya Msingi Owiny imetajwa kuwa mahali pa kuwapokea. Ni jambo jema. Wilaya ya Nebbi haipati wageni wa namna hii kila mwaka, na West Nile imechoka kutajwa redioni siku za mabaya tu.

Lakini msomaji wetu mwenye duka Koboko, au mwenye vitunguu vinavyongojewa Ariwara, ana swali jingine. Mzigo wangu utapita saa ngapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya jinsi nchi ilivyokaa. Lori linalotoka Kampala kwenda Arua, safari ya karibu kilomita 500, huvuka Nile mara mbili: kwanza Karuma, kwenye daraja jembamba la mwaka 1963 na kona zake, halafu Pakwach. Sukari, saruji, sabuni, mabati na ndizi zinazouzwa Arua na Koboko, na sehemu kubwa ya zile zinazoendelea hadi Kaya na Yei au Aru na Ariwara, zimepita juu ya daraja hilo la pili. Reli iliyofika Pakwach miaka ya 1960 imelala siku nyingi. Wazee wa barabara watasema iko njia ya Gulu na Adjumani, unavuka kwa feri ya Laropi hadi Moyo, kisha Yumbe hadi Koboko. Ipo kweli, na mwenye gari dogo inaweza kumfaa. Kwa lori lililojaa, feri ni foleni nyingine tu, na ukifika usiku utalala ukingoni.

Sasa tazameni mahali jua lilipochagua. Wengi wanakumbuka Januari 15, 2010, jua lilipopatwa likabaki mfano wa pete. Siku ile hakuna aliyelazimika kufunga safari, kwa kuwa njia ya kivuli ilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 300 na kila mtu aliangalia kutoka uani kwake. Safari hii njia hiyo, hapa Uganda, ni mkanda wa kilomita 20 hivi. Unatoka Kongo, unapita kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, unagusa Pakwach, unaelekea upande wa Gulu na kuendelea hadi Turkana nchini Kenya. Arua na Koboko ziko nje ya mkanda. Huku jua litamegwa sehemu kubwa sana, mwanga utafifia na kuku watashangaa, lakini giza lenyewe halitafika. Atakayelitaka itabidi alifuate Pakwach, karibu kilomita 130 kutoka Arua. Ndiyo maana watu wa Kampala, wa Gulu, wa Lira na wa Arua watabanana mahali pamoja, na mahali penyewe ni penye daraja moja.

Wengi wanaogopa msongamano wa kwenda. Sisi tunaogopa zaidi ule wa kurudi. Wanaokwenda watafika kwa makundi, wengine Ijumaa, wengine Jumamosi, wengine Jumapili baada ya ibada. Wanaorudi wataondoka wote kwa dakika zilezile. Sekunde 20 zikipita, hakuna anayebaki kungoja jua lipone. Kila mtu atakimbilia gari lake. Wakati huo saa 12 inakaribia na jua lenyewe linataka kuzama. Feri ya Paraa ndani ya hifadhi ya Murchison hufunga jioni, kwa hiyo hata watalii waliopitia Masindi watajikuta barabara kuu ya Karuma pamoja na malori yetu. Barabara hiyo, kama kila dereva ajuavyo, ina tembo wanaovuka karibu na Pakwach na nyani wanaongoja ndizi Karuma. Na jambo moja husahaulika: jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu, kwa hiyo usiku wake hauna mbalamwezi hata kidogo. Madereva wageni, wenye haraka, gizani, wakikutana na lori lililoharibika bila taa za nyuma, hapo ndipo hatari ilipo.

Ushauri wetu basi si mgumu. Mzigo unaotoka Kampala uwe umevuka Pakwach kabla ya Jumamosi mchana. Usioweza, ubaki Kampala hadi Jumatatu, maana lori linaloondoka Jumamosi usiku litafika darajani Jumapili katikati ya watu, na nyanya hazijui kwamba leo ni siku ya kihistoria. Anayeshuka kutoka Arua na Koboko kwenda kununua afanye vivyo hivyo: avuke mapema au angoje. Bidhaa zinazooza zipewe nafasi ya kwanza katika hesabu yako, na saruji ivumilie. Usimwahidi mteja wa Yei kwamba mzigo utakuwa Oraba Jumatatu asubuhi. Mwambie Jumanne, ukifika mapema atafurahi.

Tukumbuke pia kwamba kutoka Arua hadi Oraba mafundi bado wako kazini. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, inatengenezwa, na penye njia za pembeni mvua moja ya jioni inatosha kuwalaza watu. Dereva aliyekesha kwenye foleni Pakwach asisukumwe kuumalizia usiku kipande hicho. Nebbi kuna mahali pa kulala. Tajiri anayempigia dereva simu kila nusu saa akimuuliza "umefika wapi" angefanya vema kumwambia mara moja alale, amtumie na pesa ya chakula. Atume mapema, kwa sababu watu maelfu wakikusanyika mji mdogo, mtandao huelemewa na mawakala wa pesa za simu huishiwa. Mafuta nayo yajazwe Arua kwa anayeshuka, au kabla ya Karuma kwa anayepanda.

Kwa wenzetu wa ng'ambo, angalizo la saa. Aru na Ariwara saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo kinachotajwa Uganda kuwa saa 11 na dakika 22, kwao ni saa 10 na dakika 22. Waliopanga kuvuka Vurra asubuhi ili wawahi Pakwach wahesabu hivyo, na wajue kwamba forodha haitawangoja usiku wakirudi.

Wapo watakaokwenda Pakwach kuuza, wala hatuwazuii. Maji, soda, chapati, samaki wa kukaanga, mikeka na tochi vitapata wateja, na akina mama wa soko la Arua wanajua hesabu hiyo kuliko mhariri yeyote. Tunachosema ni kwamba faida ya siku moja ipimwe pamoja na nauli ya kurudi, ambayo jioni ile wenye taksi wataitaja wanavyotaka. Anayekwenda kuuza aende Jumamosi, alale kwa ndugu, arudi Jumatatu mchana. Na asiuze vioo vya kutazamia jua asivyovijua. Miwani ya kawaida ya jua, picha za eksrei na chupa za rangi havikingi macho, na jicho lililoungua halina fundi. Hata Arua na Koboko, ambako jua halitafunikwa lote, hakuna dakika hata moja ya kulitazama kwa macho matupu.

Kuna pia ambao hawatakwenda popote. Misikiti ya Arua na Koboko itasali swala ya kupatwa kwa jua, kama ilivyo sunna, na waumini wengi watakuwa huko jioni hiyo. Ni mpango wa safari ulio bora kuliko mingi tuliyoisikia wiki hii.

Yanayobaki yako mikononi mwa wenye mamlaka. Daraja la Pakwach linalindwa na askari, na kila mfanyabiashara anafahamu kwamba msafara wa wakubwa ukikaribia, malori husimama. Jumapili wakubwa watakuwa wengi. Tunaiomba polisi itangaze tangu sasa saa ambazo daraja litafungwa kwa ajili ya misafara, kama litafungwa, na muda huo uwe mfupi. Itangaze kwa Kiswahili, Kilugbara na Kialur kwenye redio za Arua na Nebbi, ambazo husikika hata Aru, maana anayesubiri mzigo Ariwara hana habari na barua za ofisini. Malori yatengewe mahali pa kuegesha pande zote mbili za daraja, mbali na umati, badala ya kuachwa yapange mstari barabarani na kuziba njia hata ya ambulensi. Magari ya wageni yasiegeshwe kabisa kwenye kilomita za mwanzo kutoka darajani. Na baada ya saa 12 jioni askari wa barabarani wawe Pakwach, Karuma na katikati yake, si uwanjani penye jukwaa.

Ombi la mwisho ni kwa maofisa wa forodha wa Oraba, Vurra na Kaya. Yatakuja malori Jumatatu na Jumanne yakiwa yamechelewa siku nzima, karatasi zake zikiwa na tarehe ya Jumapili, na madereva wake wakiwa na macho mekundu. Ofisa ataonyeshwa tarehe na kuelezwa habari za jua na daraja. Sababu hiyo ni ya kweli, tena serikali yenyewe ndiyo iliyowaalika watu. Tunaomba yapitishwe bila faini ya kuchelewa.