Neno la Mhariri: Ripoti Ibaki Mamboya

Mahafali ya Novemba yakishapita, mjadala ni ule ule: mhitimu anayeanza utarajali kwenye asasi ya kiraia alipwe nini? Wapo waliotuandikia kwamba kujitolea ni shule ya maisha. Wengi wao, nimeona, wanatembelea gari la ofisi. Wapo wanaosema kazi bila posho ni unyonyaji. Hawa ndio wenye haki, na nisingependa tumalize kurasa kwa jambo lililo wazi. Kijana aliyepanga chumba Kilosa mjini hali cheti cha ushiriki. Alipwe.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyeuliza kijana huyo anawajibika kwa nani.

Tuitazame Mamboya, kijiji cha Ukaguru wilayani Kilosa. Ukaguru umezoea wageni wenye mikataba ya mashirika ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliishi hapo J. T. Last, mmisionari asiye padri wa Church Missionary Society ya Uingereza, na mwaka 1886 ikachapishwa sarufi yake ya Kikaguru. Simpigii makofi: alikuja kubadili dini za watu, na kitabu chake kiliandikwa kwa Kiingereza ili kiwafae wenzake. Lakini kukiandika kulimlazimu akae na Wakaguru na kuwasikiliza. Mhitimu wa leo, Mtanzania mwenzetu, mara nyingi anafika na dodoso lililotungwa Dar es Salaam, anajaza kishikwambi, anapiga picha, anaondoka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa kwa mfadhili. Mtendaji wa kijiji anabaki na sahihi kwenye kitabu cha wageni. Ni zaidi ya miaka 130, na maarifa ya Mamboya bado yanapita njia ile ile kwenda kwa wengine.

Wilaya ya Kilosa yenyewe imeshaonyesha kwamba kijiji kinaweza kushika mambo yake. Mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012 kwa fedha za Uswisi, ukiendeshwa na mashirika ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO, ulitenga sehemu za misitu ya vijiji zivunwe kwa zamu ya miaka 24. Ushuru wa mkaa uliingia kijijini na wanakijiji wakaamua utumikeje. Mwenye mkataba wa miezi 12 hataiona zamu hiyo ikitimia. Watakaoiona ni wanakijiji, na kumbukumbu zinapaswa kuwa kwao.

Jukwaa lipo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na Sheria Na. 7 ya 1982. Mhitimu asimame hapo, asome kwa Kiswahili alichokiona, na mkulima wa mbaazi amuulize hizo takwimu ni za shamba la nani. Ripoti iingie kwenye faili la kijiji kwanza, ndipo iende kwa mfadhili. Wakurugenzi wa asasi watasema bajeti hairuhusu. Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, bajeti ndiyo jibu la kila swali. Basi hiyo ni sababu zaidi. Asasi ikifungwa, ripoti zinaondoka na kompyuta.

Yaliyomo katika toleo hili: makala kuhusu Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 wa chuo kikuu Dar es Salaam walipofukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), imeandikwa kwa makini, ingawa mwandishi anawahurumia kuliko ninavyowahurumia mimi. Mwalimu Nyerere siku ile alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakurugenzi wausome ukurasa huo mara mbili. Mahojiano na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) yanasomeka vizuri. Mashairi yako mwishoni, kama kawaida.

Kuanzia toleo lijalo, mhitimu anayetuletea makala ya utafiti wa kijijini aambatanishe muhtasari wa mkutano wa kijiji alipoisoma. Asiye nao asitume.