Barabara Kuu Bila Matawi ni Gogo

Wapo watu, tena wasomi, ambao hadi leo hupenda kudai kwamba mkoloni, pamoja na maovu yake yote, angalau aliacha barabara. Mfano wanaoutukuza ni ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyoingia Tanganyika pale Tunduma kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, kisha ikatokea Namanga kuelekea Nairobi. Hoja yao ni potofu. Ubaya wake si kwamba inamsifu asiyestahili sifa tu, bali kwamba inaficha kazi ambayo hadi sasa haijakamilika.

Jina lenyewe lilitosha kuwaumbua waliolitunga. Mtu wa Dodoma aliyetaka kwenda Iringa alisafiri kuelekea kusini, juu ya barabara iliyoitwa ya Kaskazini! Kaskazini ya nani? Ni kaskazini ya mtu aliyesimama Cape Town. Jina hilo lilizaliwa katika ndoto ya Cecil Rhodes na mabeberu wenzake ya kuiunganisha Cape na Cairo chini ya bendera moja. Koloni la Wajerumani liliizuia ndoto hiyo njiani, lakini baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika, na pengo likazibwa.

Lilizibwa katika ramani. Ardhini mambo yalikuwa mengine. Msafara wa magari wa Court Treatt, ulioondoka Cape Town mwaka 1924, ulifika Cairo mwezi Januari 1926, baada ya miezi 16. Sehemu kubwa ya njia hiyo iliyosifiwa hadi London haikuwa barabara hata kidogo. Na pale ilipokuja kuwa barabara, jasho halikuwa la Rhodes. Sheria za kodi zilimruhusu mtawala kumfanyisha kazi za umma mwananchi aliyeshindwa kulipa, na kuchimba barabara ilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Basi asemaye kwamba mkoloni aliacha barabara na aulize kwanza ni nani aliyeshika sururu.

Lakini nia ya mjenzi wa barabara haionekani katika shina. Huonekana katika matawi. Kutoka Mbeya, tawi lilipanda milima kwenda Chunya, kwa sababu huko Lupa kulikuwa na dhahabu. Kutoka Makuyuni, tawi lilielekea Karatu na Oldeani, kwa sababu huko kulikuwa na mashamba ya walowezi. Na Songea je? Huko ndiko walikochukuliwa vibarua wa mashamba ya mkonge. Kwa mkoloni, njia ya kupitishia watu ilitosha. Njia ya kupitishia mahindi yao haikuhitajika. Ndiyo maana mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na kilomita zipatazo 1,300 tu za lami. Huo ndio urithi unaopigiwa ngoma.

Historia ikaigeuza barabara hiyo dhidi ya waliokuwa wameiota. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia, iliyokuwa imejitawala kwa mwaka mmoja tu, ikajikuta imekabwa koo. Mafuta yake yakalazimika kupita Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, na shaba yake ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Malori yalikwama katika tope la masika na kutumbukia katika makorongo, hata njia ikapewa jina la Jehanamu. Hata hivyo Zambia haikupiga magoti. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Kipande cha kusini cha barabara iliyobuniwa kufunga makoloni pamoja kikawa mshipa wa ukombozi.

Hapo ndipo penye fahari. Lakini fahari isifumbe macho. Kipande cha kati, kutoka Iringa hadi Babati, kilisubiri mno. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, lakini barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, miaka 45 baadaye. Kwa miaka hiyo yote mkoloni hawezi kubebeshwa lawama peke yake.

Sasa shina limekamilika, na wapo wanaodhani kwamba kazi imekwisha. Hao ndio wa kupingwa kwa nguvu zaidi kuliko wenye kumsifu Rhodes. Makambako hadi Songea iliwekwa lami katika miaka ya 1980, na Ruvuma, iliyofanywa na mkoloni kuwa ghala la vibarua, ikawa ghala la mahindi la taifa. Hilo ni tawi moja tu. Mkulima ambaye kijiji chake kimetengwa na lami kwa korongo lisilo na kalvati hana soko. Ana mchuuzi mmoja mwenye lori, ambaye hupanga bei apendavyo, hudai gunia la lumbesa, kisha huisingizia barabara. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji si mgeni tena.

Serikali iliunda TARURA mwaka 2017 na kuikabidhi barabara za vijijini na mijini, zaidi ya kilomita 100,000, zilizo nyingi za udongo. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Mwananchi anailipa kila apandapo basi au bodaboda. Kwa hiyo ana haki ya kuambiwa, katika mkutano mkuu wa kijiji chake, ni daraja gani limejengwa kwa fedha hizo, kwa kiasi gani, na kwa nini lile la jirani bado. Kiongozi anayeona swali hilo ni utovu wa adabu hafai kushika dhamana ya umma.

Rhodesia ya Kaskazini imekufa. Upande wa Tanzania, hata jina la Barabara Kuu ya Kaskazini limesahaulika midomoni mwa watu. Lakini jina kusahaulika hakutoshi. Mkoloni aliichora njia hiyo ipite katikati ya watu bila kuwafikia, na kila kijiji kinachoona malori yakipita huku mahindi yake yakioza bado kinaishi ndani ya ramani yake. Ramani hiyo haifutwi kwa hotuba wala kwa utepe wa uzinduzi. Hufutwa kwa sururu, kokoto na kalvati, tawi kwa tawi, hadi gogo liwe mti.