Kalamu na Tangazo: Usimuuzie Nafasi Unayepaswa Kumchunguza

Juma moja lililopita kijana mmoja wa hapa kwetu Mugutha alinijia nyumbani jioni, bahasha ya kaki mkononi na uso uliojaa fikira. Kijana huyu ni mtu wa kalamu. Kwa muda wa miaka miwili sasa amekuwa akiandika, kwa hiari na kwa gharama yake mwenyewe, kijarida cha kurasa nne ambacho hukitoa nakala kila Jumamosi na kukisambaza madukani, kwa vinyozi na katika vituo vya matatu vya sehemu hii iliyo kati ya Ruiru na Juja. Humo utasoma habari za mifereji iliyokauka, nauli zilizopandishwa pasi na sababu, barabara zisizopitika wakati wa masika na mambo yaliyozungumzwa katika baraza la chifu. Hana mhariri, hana ofisi, wala hana mshahara.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na barua kutoka kwa wauzaji fulani wa ploti. Walikuwa tayari kununua ukurasa mzima wa mwisho kwa muda wa miezi sita, na malipo ya miezi miwili wangeyatoa mbele. Fedha hizo zingetosha kulipia karatasi na wino kwa mwaka mzima, na bado angebaki na akiba ya kununua mashine yake mwenyewe ya kutolea nakala.

"Mwalimu," akaniambia, "nikikataa, sijui kama tutafika Krismasi. Nikikubali, sijui wasomaji watanionaje. Nifanye nini?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, na si lake peke yake. Ni swali la kila mtu anayeandika kwa jina lake mwenyewe na kusomwa na majirani zake kwa sababu wanamwamini: je, ni halali kuuza sehemu ya nafasi hiyo kwa mfanyabiashara?

Wapo watakaojibu upesi kwamba si halali kamwe. Watasema kwamba kalamu ni kitu kitakatifu, na kwamba anayeitoza ada amekwisha kuinajisi. Mimi sikubaliani nao. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Karatasi hununuliwa, wino hununuliwa, na saa anazotumia kijana huyu kwenda kuuliza kwa nini maji hayapo ni saa ambazo angeweza kufanya kibarua akalipwa. Anayemtaka aandike bure milele aghalabu ni yule ambaye hajawahi kumnunulia hata kikombe cha chai.

Isitoshe, tangazo lenyewe si uovu. Ni kweli tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mama anayeshona sare za shule nyuma ya soko atajiuza vipi iwapo hakuna anayejua kwamba yupo? Mkulima anayehitaji daktari wa mifugo usiku wa manane atampata vipi? Tangazo la kweli, la kitu cha kweli, lililotolewa na mtu anayejulikana aliko, ni habari kama habari nyingine.

Historia ya magazeti yetu pia inatuonya kwamba kukosa mapato si kinga ya uhuru. Mwaka 1975 marehemu Hilary Ng'weno alianzisha jarida la Weekly Review, na mwaka 1977 akaongeza gazeti la Nairobi Times. Alikuwa mwandishi mahiri wala hakukosa ujasiri. Lakini kuendesha gazeti ni mzigo mzito, na mwaka 1983 Nairobi Times liliuzwa kwa chama cha KANU, likageuzwa kuwa Kenya Times. Gazeti lililoanzishwa na mtu binafsi likawa sauti ya chama tawala. Kwa hivyo, yule anayejivunia kwamba hapokei senti ya mtu na ajiulize ni nani atakayemnunua mzima siku madeni yatakapomfika shingoni.

Hata hivyo, upande wa pili wa jambo hili una uzito wake, na ndio uliomnyima kijana wetu usingizi.

Hatari ya tangazo haimo katika ukurasa wa mwisho ambako limechapishwa. Imo katika kurasa tatu za mbele. Mlipaji haji mlangoni na rungu kukuamuru usiandike jambo fulani. Mara nyingi hasemi neno lolote. Ni wewe mwenyewe, siku habari mbaya kumhusu itakapokufikia, utakayeanza kujiuliza kama ina ushahidi wa kutosha, kama haiwezi kungoja juma lijalo, kama kweli ni muhimu sana kwa wasomaji. Maswali hayo ni mema, lakini utakuwa unamuuliza mlipaji peke yake. Wengine utawaandika bila ya kusita. Waswahili walilijua jambo hili zamani waliposema kwamba mwenye kupenda chongo huita kengeza.

Tena mchovya asali hachovyi mara moja. Mwezi wa kwanza fedha za tangazo ni za ziada. Mwezi wa tatu zimekwisha kuingizwa katika hesabu za nyumba. Kufikia mwezi wa sita huwezi kukumbuka uliishi vipi bila ya fedha hizo, na hapo ndipo mlipaji hana haja tena ya kukuambia lolote.

Haya si mambo ya vijarida vidogo pekee. Vyombo vikubwa vya habari nchini vimeyaonja. Tangu mwaka 2015 matangazo ya idara za serikali yalipoanza kupitishwa katika wakala mmoja, kila mwenye gazeti ametambua kwamba mkono mmoja waweza kufungua au kufunga mfereji. Mnamo Machi 2024 idara inayohusika na utangazaji iliagiza kwamba mashirika ya serikali yapeleke matangazo yao ya redio na televisheni kwa KBC pekee. Wenye vyombo vingine vya habari walilalamika vikali, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini malalamiko yao yalifichua pia jinsi walivyokuwa wameegemea nguzo hiyo moja.

Katika michezo nako tuliona jambo kama hilo. Mwanzoni mwa 2018, baada ya kodi ya kamari kupandishwa, kampuni ya SportPesa iliondoa udhamini wake katika michezo ya humu nchini. Vilabu vyenye historia ndefu, Gor Mahia na AFC Leopards vikiwa miongoni mwavyo, vilibaki vikihangaika. Sitaki kuingia katika mjadala wa nani alikuwa na haki katika ugomvi ule wa kodi. Nasema tu kwamba anayesimama kwa mguu mmoja wa kuazima huanguka siku mwenye mguu atakapoudai.

Sasa turudi Mugutha, kwa maana swali la kijana huyu haliwezi kujibiwa bila ya kutazama ardhi tunayoikanyaga.

Sehemu hii ya Kiambu ilikuwa nchi ya kahawa. Hata ile mbegu ya kahawa inayostahimili magonjwa, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, iliitwa Ruiru 11 kwa sababu ilizalishwa katika kituo cha utafiti kilichoko Ruiru. Baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, bei za ardhi zilipaa, na mashamba mengi ya mibuni yakakatwa vipande kujengwa nyumba. Leo hii hakuna biashara inayozungumzwa zaidi katika vijia vyetu kuliko ya ploti. Wako wauzaji waaminifu, na nyumba nyingi zinazoonekana hapa zilijengwa kwa mikono halali. Lakini wako pia wale wanaouza ploti moja kwa watu watatu, wanaoonyesha shamba ambalo si lao, na wanaompa mnunuzi cheti cha hisa huku akidhani amepewa hatimiliki. Mwalimu aliyestaafu huleta kiinua mgongo chake chote. Mjane huleta fedha alizolipwa baada ya kifo cha mumewe. Wanapogundua ukweli, wakili anataka malipo ambayo hawanayo tena.

Katika mahali kama hapa, habari iliyo kubwa kuliko zote ambayo kijarida cha kijiji chaweza kuandika ni habari ya ploti. Nani anauza, ameipata wapi, na je, jina lililoandikwa katika ofisi ya ardhi ni lake? Kijana wetu ndiye mtu wa pekee anayeweza kuuliza maswali hayo kwa niaba ya majirani zake, na wao watamsikiliza. Imani hiyo, wala si ukurasa wa mwisho, ndiyo hasa bidhaa ambayo yule muuzaji alitaka kuinunua. Karatasi tupu angeipata mahali popote kwa bei nafuu zaidi. Alichokitaka ni mama mmoja aseme, "Nimeiona katika karatasi ya yule kijana, basi ni ya kweli."

Kutokana na hayo, nilimpa kijana jibu ambalo naliweka hapa mbele ya wasomaji ili walipime. Pokea matangazo, lakini usipokee la mtu ambaye kazi yako ni kumchunguza. Fundi wa sare, mwenye kinu cha kusaga mahindi, muuza vifaranga, wote hao wakaribishe. Muuzaji wa ploti katika kijiji kinacholia kwa ajili ya ploti, mkatae, hata kama ni mtu mwema. Kumkataa si kumhukumu kwamba ni mwizi. Ni kujiwekea akiba ya uhuru wa kuandika habari zake siku zitakapohitajika, ziwe nzuri au mbaya.

Kamari nayo niliiweka upande huo huo. Mnamo tarehe 29 Aprili 2025 bodi inayodhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya michezo hiyo kwa siku 30, kwa kuhofia jinsi yalivyokuwa yakiwanasa vijana na hata watoto. Mwandishi anayewaona vijana wa mtaa wake wakiitumia nauli ya kwenda kutafuta kazi kubashiri mechi za Uingereza hakuhitaji kungoja amri ya bodi ili ajue la kufanya.

Nilimwongezea masharti matatu. Kwanza, kila tangazo liitwe tangazo, kwa herufi zinazosomeka, ili mtu yeyote asidhani kwamba ni maoni ya mwandishi. Sifa zilizolipiwa na kuvikwa joho la habari ni uongo, hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Pili, asiwepo mlipaji mmoja ambaye akiondoka leo kijarida kitakufa kesho. Heri wadogo kumi kuliko mkubwa mmoja. Tatu, atangaze bei zake waziwazi, mara moja kila mwaka, na awaeleze wasomaji amepokea nini na kutoka kwa nani. Lisiloweza kusemwa mbele ya msomaji lisipokewe.

Yamkini msomaji atauliza: na ikiwa hayo yote hayatoshi kulipia karatasi? Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Mwaka 1945 Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete katika Kiambu hii hii, aliacha kazi yake ya reli akaanzisha gazeti la Kikuyu lililoitwa Mumenyereri. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Wasomaji walitoa senti zao wakalinunua, na wasiojua kusoma wakasomewa. Lilipofikia kikomo mwaka 1952, halikuuawa na uhaba wa wasomaji. Lilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari, naye Muoria, aliyekuwa ameenda London, akabaki huko. Watu waliokuwa maskini kuliko sisi waliweza kumbeba mwandishi wao kwa miaka saba.

Sisi je? Twasoma kijarida cha kijana wetu tukiwa kwa kinyozi, twakikunja, twafungia sukari. Twamsifu kwamba hana woga, kisha twamwacha alipie ujasiri huo peke yake. Halafu siku tutakapoona ukurasa wa mwisho umejaa picha za ploti tutakuwa wa kwanza kusema kwamba amenunuliwa. Kama tulikataa kumlipa sisi, tuna haki gani ya kushangaa alipolipwa na mwingine?

Siku ya Jumatatu kijana aliirudisha bahasha ile kwa wenyewe, bila ya kuigusa. Jumamosi iliyofuata kijarida kilitoka kikiwa na kurasa mbili badala ya nne. Chini ya ukurasa wa pili palikuwa na tangazo moja dogo la fundi wa sare za shule, na kando yake bei ya tangazo hilo. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Mwandishi ametimiza wajibu wake, na kurasa mbili zilizopotea sasa ni deni letu sisi wasomaji.