Jiwe Lililorushwa na Madai Yanayowaponza Wanafunzi

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anapofika kwenye mada ya mwendo, hukuta waliomtangulia wamekwisha kumwekea akiba ya maneno kuhusu maswali ya vitu vilivyorushwa. Mengine huyasikia bwenini, mengine kwenye tuisheni, mengine kwa mwalimu aliyechoka. Nayajibu hapa yale yanayorudiwa sana, Garissa na kwingineko, kwa sababu karibu yote yana shina moja: mtu amechanganya mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kupanda na kushuka. Ukiitenganisha miendo hiyo, kila mmoja ukaufanyia hesabu yake, kinachobaki kuiunganisha ni muda tu.

Dai linaloongoza ni kwamba kitu kilichorushwa mbele kwa nguvu hukaa hewani kuliko kile kilichoachiliwa kianguke. Linaingia akilini upesi, maana jiwe linalokwenda mbali huonekana kweli linachukua muda wake. Sasa chukua rula na sarafu mbili za shilingi kumi. Laza rula karibu na kona ya dawati, ncha yake ikitokeza nje. Sarafu moja iweke juu ya ncha hiyo. Ya pili iweke juu ya dawati, kati ya rula na ukingo wa pembeni. Kisha ipige rula ubavuni kwa ghafla. Sarafu ya kwanza itakosa pa kukalia na kuanguka wima, ya pili itasukumwa iruke mbele. Usitazame, sikiliza. Utasikia mlio mmoja sakafuni.

Dawati likiwa na kimo cha sentimita 80, na mchapuko wa mvutano wa dunia tukiufanya 10, sarafu zote mbili huanguka kwa sekunde 0.4. Iliyosukumwa kwa mita 1 kwa sekunde itatua sentimita 40 mbele. Iliyosukumwa kwa mita 3 kwa sekunde itatua mita 1.2 mbele. Muda ni ule ule. Kimo ndicho kinachoamua muda, nayo kasi ya mlalo huamua tu muda huo utumike kufika wapi. Aliyelielewa hili amekwisha kumaliza nusu ya mada, na sisemi kwa kumliwaza.

Dai kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi halihitaji maneno mengi. Masi haimo katika hesabu hiyo. Karatasi ukiiachia ikiwa bapa hupepea. Ifinyange iwe kama gololi, itashuka upesi, nawe uone kama uzito wake umebadilika.

Kuna dai la kileleni, na hili huwanyima wengi alama: eti kitu kikifika juu kabisa husimama, kasi yake ni sifuri, na mvutano nao umepumzika. Tuseme mpira umepigwa kwa mita 20 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 30. Kasi yake ya wima ni 10, ya mlalo ni 17.3. Utapanda sekunde 1, ufike mita 5, ushuke sekunde 1 nyingine, utue mita 34.6 kutoka ulipopigwa. Pale kileleni kilichokuwa sifuri ni kasi ya wima peke yake. Mpira bado unakwenda mbele kwa mita 17.3 kila sekunde, zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na golikipa anayedhani umesimama atajuta. Mvutano nao haupumziki. Ungepumzika pale juu, mpira usingeshuka kamwe.

Ndugu wa dai hilo ni lile linalochorwa kwenye daftari: mshale wa nguvu unaoelekea mbele, eti nguvu ya mkono bado inausukuma mpira hewani. Mkono ulishaachia. Wanaoona jambo hili ni la kigeni wajue kwamba Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuandika kuwa kitu kilichorushwa mahali patupu, pasipo cha kukizuia, hakingesimama chenyewe. Hakuwa na hesabu za Newton, lakini alijua kuwa kinachohitaji sababu ni kusimama. Kwenye mchoro wako weka mshale mmoja tu, wa kwenda chini, labda na mwingine wa hewa ukiulizwa.

Nyuzi 45 nazo zimegeuzwa kuwa kama aya. “Pembe bora ni 45, siku zote.” Niccolò Tartaglia alisema hivyo mwaka 1537, na Galileo akatoa uthibitisho katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638. Ila uthibitisho huo una masharti mawili: hewa isihesabiwe, na mahali pa kutua pawe sawa na mahali pa kurushia. Vunja sharti moja, pembe inabadilika. Simama juu ya paa la ghorofa lenye kimo cha mita 15, urushe jiwe kwa mita 10 kwa sekunde. Kwa nyuzi 45 litatua mita 18.2 kutoka ukutani. Kwa nyuzi 30 litatua mita 19.9. Pembe inayolifikisha mbali kuliko zote ni karibu nyuzi 27, nayo hutoa mita 20 kamili. Fanya hesabu mwenyewe, namba nimezichagua zisikusumbue.

Mkuki wa riadha ni ushahidi mwingine. Julius Yego, aliyeshinda ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72 baada ya kujifunza mengi ya ufundi wake kwa kutazama video za YouTube, hakuwa akitafuta nyuzi 45. Warushaji wa kiwango hicho huuachia mkuki chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa. Mkuki hutoka mkononi ukiwa juu ya usawa wa ardhi, hewa huubeba, na zaidi ya yote mkono wa binadamu huzalisha kasi kubwa zaidi kwenye pembe ya chini. Wanaokariri 45 wamesahau kwamba mrushaji ana bega.

Hapo tumeligusa dai ninalolichukia kuliko yote, na ambalo baadhi yetu walimu ndio tuliolipanda: “Kariri fomula ya umbali, utapita.” Fomula yenyewe ni kipeo cha pili cha kasi, mara saini ya pembe maradufu, gawanya kwa mchapuko. Ni kweli, na ni nzuri. Hueleza pia jambo la kupendeza: ule mpira wa nyuzi 30 ukipigwa kwa nyuzi 60 kwa kasi ile ile, hutua mita 34.6 vile vile, ila hufika mita 15 juu na kukaa hewani karibu sekunde 3.5. Lakini fomula hiyo imebeba sharti la usawa bila kulitamka. Mwanafunzi akiulizwa juu ya jiwe lililorushwa kutoka kwenye jabali, akaitumia, atapata jibu safi lisilo na thamani yoyote. Na swali ambalo silabasi ya Kidato cha Tatu hulipa uzito, la kitu kilichorushwa mlalo, fomula hiyo hulipa jibu la sifuri! Pembe ni sifuri, saini yake ni sifuri, basi jiwe halikwenda popote. Atakayechora safu mbili karatasini, mlalo upande mmoja na wima upande wa pili, akatafuta muda kwanza, hahitaji fomula hiyo hata siku moja.

Wapo wanaobishana kuhusu 10, 9.8 na 9.81, kana kwamba alama hupotelea hapo. Mtihani ukikupa 10, tumia 10. Kwa wanaotaka ukweli wa mahali, Garissa iko karibu nusu digrii tu kusini mwa Ikweta, na huku thamani halisi ni kama 9.78, ile 9.81 ya vitabu inafaa zaidi Ulaya.

Dai linalobaki lina uchungu ndani yake, kwa hiyo sitalijibu kwa kejeli. Linasema kwamba hesabu hizi ni za watu wenye maabara na mizinga, na mtoto wa mfugaji hazimhusu. Upande wa maabara na walimu, malalamiko ni ya haki. Mwanzoni mwa 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, tume ya kuajiri walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na Fizikia ni miongoni mwa masomo ambayo mwalimu wake hapatikani kwa urahisi. Hilo ni pengo la serikali kuliziba, na rula na sarafu haziwezi kuwa kisingizio cha kuliacha wazi.

Lakini “hazituhusu” sikubali. Mto Tana unaopita Garissa humwaga maji yake kwenye Ghuba ya Ungwana, na katika ghuba hiyo hiyo, karibu na Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina Uhuru. Palichaguliwa kwa kuwa karibu na Ikweta, ambako dunia yenyewe huzunguka kwa karibu mita 465 kwa sekunde na kuisaidia roketi. Setilaiti kama hiyo ni kitu kilichorushwa mlalo kwa kasi kubwa mno, zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hata kila inapoanguka ardhi nayo inapinda chini yake. Hesabu ni ile ile ya sarafu, ila uwanja wa chini haukubali kubaki tambarare.

Na kama Ngomeni ni mbali, nenda kisimani. Kwenye visima vya kuchimbwa, maji hutoka kwenye bomba lililolazwa mlalo na kuangukia birika la mifugo. Yale maji ni kitu kilichorushwa. Mafundi wa maji huutumia mruko huo kupima wingi wa maji wasipokuwa na mita ya maji. Tuseme bomba ni la inchi 2, kipenyo cha ndani sentimita 5, limejaa maji hadi mdomoni, na katikati yake pako mita 1.25 juu ya mahali maji yanapoangukia. Maji yanatua mita 1 mbele. Safu ya wima inakupa muda: sekunde 0.5. Safu ya mlalo inakupa kasi: mita 2 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la mdomo wa bomba, upate karibu lita 3.9 kila sekunde, yaani zaidi ya lita 14,000 kwa saa. Kamati ya kisima inayotaka kujua pampu imeanza kuchoka au la, hiyo ndiyo namba inayoitafuta.

Hakiki kwa pipa la lita 200. Kwa mchapuko wa 10, linapaswa kujaa kwa sekunde 50.9, kwa 9.78 ya Garissa, sekunde 51.5. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kuchelewa kwa kidole kwenye saa ya simu. Likichukua muda mrefu zaidi ya hapo, angalia kwanza kama bomba lilikuwa limejaa kweli, maana bomba lililojaa nusu huidanganya hesabu nzima. Mwalimu mwenye utepe wa kupimia, pipa na ruhusa ya mwendeshaji wa kisima anaweza kuifanya hesabu hii na darasa lake Jumamosi hii.