Sura si ufunguo

Kuna imani iliyoingia maofisini kwetu haraka kuliko hata mashine zenyewe: kwamba ukishabandika kamera ya kutambua sura kwenye mlango wa chumba cha seva, kazi ya ulinzi imekwisha. Kadi inaazimwa. Nambari ya siri inanong'onezwa. Kidole kinasuguliwa na kazi hadi alama zinafutika. Lakini uso, wanasema, hauazimwi wala hauibiwi. Wauzaji wanatembea na maneno hayo hapa Mtwara, kutoka Shangani hadi Mikindani, na wakuu wa ofisi wanaitikia amina kabla dua haijaisha. Mimi siitikii. Kati ya vyote anavyoweza kutumia mtu kufungulia mlango, uso ndio unaoonwa na kila mpita njia, na ukishaharibika hakuna wa kumpa mwingine.

Niwape haki yao kwanza. Mtwara ina sababu ya kuvichoka vidole. Mwanamke aliyebangua korosho miaka nenda rudi, mafuta ya ganda yameshamla ncha za vidole. Akiweka dole gumba kwenye kioo, mashine inakaa kimya kana kwamba hakuna aliyegusa. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 uliwaanika wengi wa namna hiyo: wabanguaji, mafundi wa saruji, wavuvi wanaovuta nyavu, wazee. Mtu anafuta kidole kwenye kanga, anajaribu, anafuta tena, na foleni nyuma yake inaguna. Nambari za siri nazo tunazijua. Tazama vitufe vya mlango wa ofisi nyingi: vinne vimefifia, sita vinang'aa kama vimetoka dukani jana, na huhitaji kuwa mwizi stadi kukisia kilichobaki. Kwa hiyo anayekuja na mashine isiyoguswa, inayofungua kwa kutazamwa tu, anakuta watu wamekwisha kuchoka.

Na kinacholindwa si mchezo. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mkulima wa Tandahimba au Newala anaisubiri bei yake huko. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba na kusukumwa Dar es Salaam kwa bomba lililozinduliwa Oktoba 2015, na bomba kama lile halisimamiwi kwa macho. Bandari, benki, hospitali, halmashauri: kila moja ina kijichumba chake chenye baridi, na humo ndani masanduku yanapepesa taa za kijani. Aliyesema kijichumba hicho kilindwe hajakosea. Kosa liko kwenye kitasa alichokichagua.

Siri ni kitu unachokijua wewe na mlango. Uso wako anaujua muuza chapati wa stendi. Umo kwenye picha za harusi, kwenye bango la semina, kwenye tovuti ya ofisi pamoja na cheo chako: Mkuu wa Kitengo cha Tehama. Anayetaka kujua ni sura gani inafungua chumba cha seva ameshawekewa picha, rangi kamili, jina chini yake. Nasi wa Umakondeni tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na nyuso. Wachongaji wa vinyago vya mapiko, huku na ng'ambo ya Ruvuma, walishachonga vichwa vya watu kwa mti mwepesi, wakavipandikiza nywele halisi za binadamu na kuvitia chale kwa nta ya nyuki, mchezaji akavaa uso usio wake na kijiji kizima kikakubali kutomjua. Novemba 2017, mwezi uleule iPhone X ilipoingia sokoni, kampuni ya Bkav ya Vietnam ilionyesha kinyago ilichodai kimeifungua, nayo ikasema vifaa vyake viligharimu takriban dola 150. Simu hiyo ina vihisi vinavyopima kina cha uso. Mashine nyingi za bei rahisi za mlangoni zina kamera tu, na baadhi yake hudanganyika hata kwa picha kwenye skrini ya simu.

Tukija kwenye ngozi yetu, mazungumzo ya mtaani yamekaa upande mmoja. Watu wamesikia kwamba mashine hizi haziwaoni weusi vizuri, wakahitimisha kwamba hasara yake ni usumbufu: zitatukatalia, tutapangusa jasho, tutajaribu tena. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za kutambua sura kutoka kwa watengenezaji 99. Kwenye picha nzuri za waombaji wa huduma za uhamiaji, kosa la kumchukua mtu kuwa ni mwingine lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Katika programu nyingi tofauti kati ya kundi na kundi ilifika mara 10 hata mara 100.

Hilo si kosa la kutufungia nje. Ni kosa la kutufananisha, na mlangoni kufananishwa maana yake ni mlango kumfungukia asiyehusika. Kwa hiyo mashine iliyolindwa vizuri dhidi ya mwizi wa Warsaw inaweza kuwa hohehahe mbele ya mwizi wa Mtwara, na wezi wetu, kwa bahati mbaya, ni wa hapahapa. Ni kweli pia kwamba programu kadhaa zilizotengenezwa China hazikuwa na udhaifu huo kwa nyuso za Asia Mashariki, maana mashine hujifunza kutokana na nyuso ilizoonyeshwa. Ni kweli kwamba katika zile bora kabisa tofauti ilikuwa ndogo, na tangu hapo zimezidi kuboreshwa. Lakini ofisi gani huku kusini imemtaka mzabuni alete kipimo cha mashine yake kwa nyuso za Waafrika Mashariki? Zinaulizwa inchi za skrini na miaka ya dhamana.

Halafu kuna kizingiti, yaani kiwango cha kufanana ambacho mashine inakidai kabla ya kufungua. Kikiwekwa juu, mashine inakuwa kali: inamkatalia hata mwenyewe asubuhi jua la korido likimpiga kisogoni, au amenunua miwani mipya, au mtandio umeshuka kwenye paji la uso. Kikishushwa, inakuwa mpole kwa kila mtu. Na kinashushwa. Bosi akishaachwa nje mara mbili mbele ya wageni, fundi anaitwa, anabonyeza bonyeza, malalamiko yanaisha, na hakuna daftari popote linaloandika kwamba siku hiyo ulinzi wa ofisi ulipunguzwa. Wabana matumizi nao wanaongeza lao. Mashine ya mahudhurio ya getini, yenye sura za watumishi wote, inaunganishwa na mlango wa seva. Bila kadi wala nambari, anayesimama mbele yake analinganishwa na orodha nzima. Orodha ikirefuka, nafasi ya kupata wa kufanana naye inapanuka, na akiangukia mwenye ruhusa, mlango unaitika.

Tuuache uso, tuutazame mlango, maana hapa ndipo watu wazima wanapodanganywa mchana kweupe. Milango mingi ya aina hii hushikwa na sumaku ya umeme: chuma juu ya mlango, sumaku kwenye fremu, na umeme unaopita ndio unaovibana. Umeme ukikatika, sumaku inalegea, mlango unaachia. Haikukosewa, imetengenezwa hivyo makusudi, moto ukiwaka watu wasifungiwe ndani. Kinachobaki ni betri ndogo kwenye kisanduku ukutani, na betri hiyo inachakazwa na joto la pwani, na hakuna anayeikumbuka mpaka ivimbe. Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi kwa mitambo ya gesi ya hapahapa, nje ya Gridi ya Taifa. Mtambo ukipata hitilafu, giza letu si la dakika tano. Betri ikiisha, ile kamera iliyopigiwa picha siku ya uzinduzi inabaki kioo cheusi cha kujitazamia, na mlango unasukumwa kwa kidole.

Waliolishtukia hilo huweka kitasa kinachobaki kimefungwa umeme ukikatika. Vizuri. Lakini kitasa hicho hakikosi ufunguo wa chuma wa dharura, na ufunguo huo uko kwenye droo ya mlinzi, umefungwa kamba ya katani pamoja na ufunguo wa choo cha wageni. Kiyoyozi kikifa Januari, seva zinaanza kulia kwa joto, na mlango wote unaachwa wazi: mtungi wa kuzimia moto umeuzuia, feni imeelekezwa ndani. Nimeukuta mtungi huo katika ofisi zaidi ya moja. Ukuta nao, kwenye majengo mengi yaliyogawanywa baadaye, umeishia kwenye dari la jipsamu. Juu yake ni uwazi mmoja kutoka chumba cha seva hadi stoo ya mafaili.

Msidhani ni unyonge wetu peke yetu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na iliripotiwa kwamba hata kadi za wafanyakazi ziligoma kufungua milango, kwa kuwa milango ilitegemea mtandao uleule uliokuwa umekufa. Na Juni 2024 watafiti wa Kaspersky walitangaza kasoro 24 katika mashine za kibayometriki za ZKTeco, kampuni ya China. Mojawapo ilimwezesha mtu kuionyesha kamera msimbo wa QR uliotungwa kwa hila na mashine ikamkubali kama mwenye ruhusa. Kasoro nyingine ilifungua njia ya kujiingiza mwenyewe kwenye orodha ya nyuso. Mtengenezaji akitoa marekebisho, lazima awepo mtu wa kuyaweka, na mkataba wa ofisi nyingi na fundi huisha siku mashine inapowaka.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hasara kubwa hazipiti hata kwenye mlango huo. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mei 2021 mfumo wa LUKU wa kununulia umeme ulikwama siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO nyumba zikiwa gizani. Nchini Uganda, mabilioni ya shilingi ya serikali yalihamishwa kutoka Benki Kuu mwaka 2024, na walioshtakiwa baadaye ni maofisa wa Wizara ya Fedha. Kesi itaamua hatia yao, lakini watu wa cheo hicho nyuso zao zinatambulika kwenye kila mlango wa wizara.

Basi uso wenyewe unapovuja inakuwaje? Agosti 2019 watafiti waliikuta wazi kwenye intaneti kanzidata ya BioStar 2, mfumo wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini unaotumika hasa kwa kazi hii, kudhibiti milango. Rekodi zaidi ya milioni 27, alama za vidole zaidi ya milioni 1, na taarifa za nyuso za watumiaji. Kadi ikipotea inafutwa, inatolewa nyingine kesho. Aliyevujishwa uso atatembea nao mpaka kaburini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki miongoni mwa taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Lakini mfanyakazi anaambiwa simama hapa, geuza shingo kushoto, geuza kulia; atamkatalia nani, ofisa utumishi? Kijana wa fundi naye alisajiliwa siku ya kufunga mashine ili aijaribishe, na sura yake ingali humo.

Sisemi kamera ing'olewe. Iachwe itambue, itunze kumbukumbu ya nani alisimama mlangoni saa ngapi, na kumbukumbu hiyo ihifadhiwe mahali ambapo mwenye chumba hawezi kuifuta. Kufungua kufanywe na kadi pamoja na nambari ya mtu binafsi, inayobadilishwa. Orodha ya mlango wa seva iwe ya watu wachache na itenganishwe na mahudhurio. Kabati la seva lifungwe lenyewe, diski zisimbwe, nakala rudufu zikae mji mwingine, ukuta upandishwe hadi kwenye paa. Mengi ya hayo hayapendezi kwenye picha ya uzinduzi, na ndiyo maana hayanunuliwi.

Na kabla mzabuni hajalipwa, wajumbe wa kamati ya mapokezi wasimame mlangoni wenyewe, wamwambie fundi azime swichi kuu, wasiwashe jenereta, wakae hapo mpaka betri iishe, hata kama ni saa nne usiku. Kisha mmoja wao, ambaye sura yake haijasajiliwa popote, ausukume mlango.